Wamormoni wameshtakiwa kosa lisilo lao

Anayetaka kujua Nairobi inaamini nini na akae kwenye kiti cha msusi pale Kenyatta Market. Kusukwa nywele ndogondogo huchukua saa nyingi, mikono ya wasusi wawili au watatu ikihangaika juu ya kichwa kimoja, na midomo haina kazi nyingine ila kuzungumza. Siasa huisha haraka. Dini haiishi. Moshi wa nyama choma unapenya kutoka vibanda vya jirani, mhubiri mwenye spika ya mkononi anapita kwenye vichochoro, na ikitokea vijana wawili wenye mashati meupe, tai na vibandiko vyeusi vifuani wakakatiza kuelekea Ngummo au Kibera, mada imepatikana. Hao, mtu atasema kwa sauti ya chini, ni wale wa freemason, wanaomwabudu shetani.

Uvumi huo si wa sokoni peke yake. Uliwahi kupigwa muhuri wa serikali. Mwaka 1994 Rais Daniel arap Moi aliunda tume ya kuchunguza ibada za shetani nchini Kenya, mwenyekiti wake akiwa Askofu Mkuu Nicodemus Kirima wa Nyeri. Ripoti ilipowasilishwa bungeni mwaka 1999, Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, yaani la Wamormoni, lilitajwa pamoja na Mashahidi wa Yehova na Sayansi ya Kikristo kama makundi ambayo ushetani umejipenyeza ndani yake na kuyafanya milango ya kuingilia. Kanisa hilo lilikuwa limetambuliwa rasmi nchini mwaka 1991. Kwa hiyo dola moja, chini ya rais mmoja, ililipokea kanisa kwa mkono wa kulia na kuunda tume iliyolinyooshea kidole kwa mkono wa kushoto.

Kama uvumi mwingi, huu nao una punje ya ukweli. Joseph Smith, mwanzilishi wa dini hiyo, alijiunga na Freemason katika mji wa Nauvoo, jimbo la Illinois, Machi 1842. Wiki chache baadaye alianzisha ibada za hekaluni ambazo ishara zake kadhaa zinafanana na za chama hicho. Wanahistoria wa Kimormoni wenyewe hawalikani jambo hilo. Lakini kutoka hapo hadi kumwabudu shetani ni mruko mrefu ambao tume haikuwaonyesha Wakenya jinsi ilivyouruka.

Hasara ya shtaka la uongo ni kwamba humpa mshtakiwa ushindi wa bure. Jirani anayeambiwa kwamba Wamormoni hunywa damu akija kukutana nao atakuta watu wasiogusa pombe wala sigara, na ambao hata chai hawanywi, kwa agizo la Smith la mwaka 1833. Katika nchi ambayo mgeni akikataa kikombe cha chai mwenyeji hujiuliza amemkosea nini, huo ndio ukali mkubwa atakaouona. Atakuta wazazi wanaokaa na watoto wao jioni moja ya kila juma kwa maombi na michezo. Basi atahitimisha kwamba wachungaji walimdanganya, na hapo hata hoja zao za haki zitakuwa zimezikwa pamoja na zile za uzushi. Hoja za haki zipo, tena nzito, na nzito kuliko zote inamhusu Mwafrika kabla ya mtu mwingine yeyote.

Tuanze na zile zinazosikika mara nyingi. Ya kwanza ni onyo la mwisho wa kitabu cha Ufunuo dhidi ya kuongeza neno. Hoja hiyo ni dhaifu. Onyo lile linakihusu kitabu cha Ufunuo chenyewe, na Kumbukumbu la Torati lina onyo linalofanana nalo. Kama lingefunga mlango wa maandiko yote yanayofuata, Isaya na Mathayo nao wangebaki nje. Hoja ya Wagalatia, kwamba hata malaika kutoka mbinguni akileta injili nyingine asisikilizwe, ina makali zaidi, maana dini hii inadai hasa kwamba ilianza na malaika. Lakini nayo inamrudisha mtu kwenye swali lilelile: je, injili hiyo ni nyingine kweli?

Ni nyingine, na Wamormoni hawana haja ya kuona haya kwa hilo. Mkristo wa All Saints, wa Holy Family au wa PCEA St. Andrew's anakiri Mungu mmoja katika Utatu, asiye na mwili, aliyekuwako kabla ya vyote. Smith alifundisha mwaka 1843 kwamba Baba ana mwili wa nyama na mifupa unaoshikika kama wa mwanadamu, na kwamba Baba, Mwana na Roho Mtakatifu ni nafsi tatu zilizotengana, zenye umoja wa kusudi tu. Aprili 1844, miezi miwili na nusu kabla ya kuuawa na genge la watu katika jela ya Carthage, alikwenda mbali zaidi akahubiri kwamba Mungu aliwahi kuwa kama sisi, na kwamba wanadamu wanaweza kukwea hadi kufanana naye. Mtu anaweza kulipenda fundisho hilo au kulichukia. Hawezi kusema kwamba ni Imani ya Nikea kwa maneno mengine.

Ndiyo maana Vatican ilitangaza mwaka 2001 kwamba ubatizo wa Wamormoni si halali, ingawa wanatumia maji na kutaja majina yaleyale matatu. Mwanglikana akihamia Ukatoliki habatizwi upya; Mmormoni hubatizwa. Wamormoni wengi huumizwa na jambo hilo, na maumivu yao yanaeleweka. Lakini wao pia humbatiza upya kila anayejiunga nao, awe amebatizwa na askofu, na mchungaji wa Kipentekoste au na Papa mwenyewe, kwa sababu wanaamini mamlaka ya ukuhani yalitoweka duniani baada ya mitume mpaka Smith aliporejeshewa. Katika simulizi aliyoiandikisha mwaka 1838, aliambiwa katika maono ya ujanani mwake kwamba makanisa yote yamekosea. Kukataana huku kuna pande mbili, na anayelalamika kutengwa angepaswa kukumbuka nani aliyetangulia kutenga.

Hata hivyo wapinzani wao hawasemi sana kuhusu jambo moja ambalo Wamormoni wameligusa na makanisa mengi ya hapa yakalikwepa. Tangu wamisionari wa kwanza, Waafrika wamekuwa wakiuliza: babu yangu aliyefariki kabla injili haijafika kijijini yuko wapi? Wengi walijibiwa kwa ukatili, wengine walijibiwa kwa ukimya. Wamormoni wana jibu, wakiegemea mstari mmoja mgumu wa Wakorintho wa Kwanza, sura ya 15: mzao aliye hai hubatizwa hekaluni kwa niaba ya marehemu, na marehemu huko aliko ana hiari ya kukubali au kukataa. Ndiyo sababu wanakusanya nasaba kwa bidii isiyo ya kawaida. Zamani Mkenya aliyetaka kufanya ibada hizo alilazimika kusafiri hadi Johannesburg. Tangu Mei 2025 hekalu liko Nairobi penyewe, upande wa Mountain View, baada ya kutangazwa mwaka 2017. Mwanateolojia anayeona fundisho hilo ni kosa, na wengi wana sababu nzuri za kuona hivyo, bado anadaiwa jibu lake mwenyewe kuhusu babu.

Kisha kuna suala la ushuhuda. Mwenye Kitabu cha Mormoni, kilichotoka kwa Kiswahili mwaka 2000, huambiwa mwishoni mwake asome, aombe, na atapata uthibitisho moyoni. Mlokole anayecheka njia hiyo ajitazame kwanza. Uamsho wa Afrika Mashariki, uliotoka Rwanda na Uganda miaka ya 1930 ukaenea Kenya na Tanganyika, ulijengwa juu ya mtu kusimama na kutoa ushuhuda wa alichotendewa. Moyo wa Mmormoni umewaka, wa mlokole nao umewaka. Mmoja akidai kwamba moto wa mwenzake ni wa bandia, mwenzake atamrudishia neno hilohilo, na hapo msusi atakuwa amemaliza kichwa na kuanza kingine.

Na nyani haoni kundule. Ukanda huu una manabii wake wa siku za mwisho. Legio Maria ilizaliwa Nyanza mwanzoni mwa miaka ya 1960, na wafuasi wake humheshimu Simeo Ondeto kwa heshima ambayo Ukatoliki humpa Kristo. Kongo ilimpata Simon Kimbangu, na kanisa lake lilipokewa katika Baraza la Makanisa Ulimwenguni mwaka 1969 kabla ya mafundisho kuhusu yeye kuzua mgogoro na uanachama huo kufikia kikomo. Leo Nairobi haikosi mabango ya watu wanaojiita manabii wakuu, ambao hakuna anayewaomba hati wala ushahidi. Shakahola, ambako wafuasi wa mhubiri mmoja walifunga hadi kufa, ilifunua mwaka 2023, kwa zaidi ya miili 400, gharama ya kutouliza. Ikilinganishwa na manabii wa mabango, dini ya Smith ina fadhila moja kubwa: imeandika mambo yake. Imehifadhi barua, daftari na shajara, na wanahistoria wake wamezichapisha katika mfululizo mkubwa wa hati za Joseph Smith. Sehemu kubwa ya ushahidi unaotumiwa na wakosoaji ilitoka katika makabati ya kanisa lenyewe.

Imani ya moyoni haipimwi kwa rula. Madai ya historia hupimwa. Kitabu cha Mormoni, kilichochapishwa Palmyra, New York, mwaka 1830, kinasimulia familia iliyotoka Yerusalemu takriban miaka 600 kabla ya Kristo, ikavuka bahari hadi Amerika na kuzaa mataifa makubwa yenye miji, farasi, ngano, chuma cha pua na magari ya vita. Smith alisema alikitafsiri kutoka mabamba ya dhahabu aliyoonyeshwa na malaika, ambaye baadaye aliyachukua. Watu 11 walitia saini kwamba waliyaona. Lakini farasi walikuwa wametoweka Amerika maelfu ya miaka kabla ya hapo, wakarudi na Wahispania. Uchunguzi wa chembe za urithi unawaunganisha wenyeji wa Amerika na Asia. Utangulizi wa kitabu, uliowahi kuwaita Walamani, mojawapo ya mataifa hayo, wahenga wakuu wa Wahindi Wekundu, ulilegezwa mwaka 2006 ukasema ni miongoni mwa wahenga wao.

Mchungaji wa Kenya anayeishika hoja hii aishike kwa uangalifu, maana panga hili lina makali huku na huku. Wapo wanaakiolojia wanaosema kwamba safari ya Waisraeli jangwani haijaacha alama wanayoweza kuionyesha. Tofauti, nayo si ndogo, ni kwamba Yerusalemu, Babeli na mto Nili vipo, lugha za huko zinasomeka na majirani wa Israeli waliandika habari zake. Zarahemla, jiji la Kitabu cha Mormoni, haijapata mtu wa kuweka kidole kwenye ramani na kusema ni hapa, hata baada ya Wamormoni wenyewe kugharamia uchimbaji huko Mexico kuanzia miaka ya 1950.

Bado Mmormoni anaweza kujibu kwamba jiji lililopotea linaweza kuibuka kesho, na mabamba hayapo tena duniani kwa hiyo hakuna wa kuikagua tafsiri. Kuna andiko moja la Smith ambalo kinga hizo haziliokoi, na mizizi yake iko Afrika.

Mwaka 1835 mfanyabiashara mmoja, Michael Chandler, alifika Kirtland, Ohio, akionyesha maiti za Kimisri zilizokaushwa na magombo ya mafunjo kutoka Thebes. Smith na wenzake walinunua maiti nne na magombo yake kwa dola 2,400, fedha nyingi mno wakati huo. Smith alitangaza kwamba gombo moja lina maandishi ya Ibrahimu, baba wa imani. Tafsiri yake, Kitabu cha Ibrahimu, ilichapishwa mwaka 1842 pamoja na nakala za michoro, na mwaka 1880 ikaidhinishwa kuwa maandiko matakatifu ndani ya mkusanyo uitwao Lulu ya Thamani Kuu. Wakati Smith akitafsiri, elimu ya kusoma maandishi ya Kimisri, iliyofunguliwa na Mfaransa Champollion mwaka 1822, ilikuwa changa na haijafika Ohio. Hakuna aliyeweza kumkosoa. Baadaye mafunjo yalisadikiwa kuwa yameteketea katika moto mkubwa wa Chicago mwaka 1871.

Hayakuteketea yote. Mwaka 1966 Aziz Atiya, Mmisri wa Kanisa la Koptiki na profesa katika Chuo Kikuu cha Utah, alikuwa akipekua makusanyo ya jumba la makumbusho la Metropolitan huko New York. Humo akaona vipande ambavyo mchoro wake ulimkumbusha kitu: ndio uliochapishwa katika Kitabu cha Ibrahimu. Novemba 1967 vipande hivyo vilikabidhiwa kwa kanisa. Wataalamu wakavisoma. Vilikuwa maandiko ya mazishi ya kipagani, likiwemo lile liitwalo Kitabu cha Pumzi, la kuhani mmoja wa Thebes jina lake Hor, ambaye alikufa zaidi ya miaka elfu moja baada ya zama za Ibrahimu. Mchoro ambao Smith alisema unamwonyesha Ibrahimu juu ya madhabahu akikaribia kuchinjwa, kumbe unamwonyesha maiti akishughulikiwa na mungu Anubis. Kanisa lenyewe lilikiri katika makala yake ya mwaka 2014 kwamba maneno yaliyo kwenye vipande hivyo hayalingani na Kitabu cha Ibrahimu. Linapendekeza kwamba pengine andiko halisi lilikuwa kwenye sehemu zilizopotea, au kwamba mafunjo yalikuwa kichocheo tu cha ufunuo. Pendekezo la pili halimwachii mkaguzi kitu cha kukagua. La kwanza linaushinda uwezo wa mtu kuamini, kwa kuwa mchoro ulio mikononi mwetu umefafanuliwa na Smith mwenyewe, na amekosea.

Sasa, kwa nini habari za Hor zimguse mama anayesukwa nywele Kenyatta Market? Kwa sababu ya sura ya kwanza ya Kitabu cha Ibrahimu. Mistari ya 21 hadi 27 inasema Farao alitokana na ukoo wa Hamu, na kwamba ukoo huo haukuwa na haki ya ukuhani. Mistari hiyo iligeuzwa nguzo ya marufuku iliyotangazwa na Brigham Young, mrithi wa Smith, mwaka 1852: mwanamume mweusi asipewe ukuhani, na watu weusi, wanaume kwa wanawake, wasipokee ibada kuu za hekaluni. Smith mwenyewe hakuifuata. Elijah Abel, mtu mweusi, alipewa ukuhani mwaka 1836, enzi za uhai wa Smith. Lakini kuanzia Young, manabii walipokezana marufuku hiyo miaka 126. Mwaka 1949 viongozi wakuu waliandika kwamba ni amri ya moja kwa moja ya Bwana. Nchini Nigeria na Ghana, watu waliosoma vitabu vya Kimormoni miaka ya 1950 na 1960 walianzisha vikundi vya ibada kwa hiari yao na kuandika barua Salt Lake City wakiomba kupokewa. Walingoja. Juni 1978 Rais wa kanisa Spencer Kimball alitangaza ufunuo wa kuiondoa marufuku, na Novemba mwaka huohuo Anthony Obinna akabatizwa Nigeria. Kenya nayo ilifikiwa na dini hii baada ya mlango huo kufunguliwa, na ndiyo sababu Wakenya wengi hawakujua kwamba uliwahi kufungwa.

Mmormoni mwenye kusoma atajibu kwamba mistari ile haitaji rangi ya ngozi, inahusu ukoo wa kifalme, na waliosoma weusi ndani yake waliuleta kutoka utumwa wa Marekani. Huenda yuko sahihi. Makanisa mengine nayo yalimgeuza Hamu kuwa kisingizio cha utumwa, na Waprotestanti wa Afrika Kusini walijenga ubaguzi wa rangi Biblia ikiwa mkononi. Ila hao hawakudai kuongozwa na nabii aliye hai anayezungumza na Mungu kwa ajili ya kanisa zima. Dai hilo ndilo mtaji wa Wamormoni; ndilo wanalomletea Mkenya mlangoni kama kitu ambacho kanisa lake halina. Kama manabii 10 mfululizo walishika kosa na kuliita amri, nabii ana faida gani? Na kama halikuwa kosa, Mungu huyo ana neno gani kwa watoto wa Hamu?

Makala ya kanisa ya mwaka 2013 kuhusu rangi na ukuhani ilizikataa waziwazi nadharia za zamani kwamba weusi ni dalili ya laana. Ilieleza marufuku kwa kutaja ubaguzi wa zama zake. Haikusema kama marufuku yenyewe ilitoka kwa Mungu au kwa Brigham Young. Wakati huohuo Kitabu cha Ibrahimu kimebaki maandiko matakatifu, kinapatikana kwa Kiswahili ndani ya Lulu ya Thamani Kuu, na maelezo ya Smith bado yako chini ya mchoro wa Hor. Wale vijana wawili wa mashati meupe ni wapole na wana muda, hupenda kuulizwa. Wafunguliwe sura ya kwanza, mstari wa 21, na waombwe waisome kwa sauti.